Nchi tajiri, watu wa kujitolea wa nini?

SWALI: Dada, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 21. Kupitia usharika wetu hapa Moshi amepata nafasi ya kwenda Ujerumani mwaka mmoja, kujitolea kwenye nyumba ya wazee. Baba yake amegoma. Anasema nchi yenye pensheni na bima kwa kila mtu haiwezi kukosa hela ya kuajiri, hivyo mtoto anakwenda kuosha wazungu bure. Nimtetee binti au ninyamaze?
Mama wa Moshi

JIBU: Shikamoo mama. Baba hajakosea kuuliza. Mimi nilikwenda mwaka 2013 na nilikuwa na wasiwasi huo huo.

Ujerumani serikali inahakikisha wazee wanatunzwa, ila kazi yenyewe kwa sehemu kubwa imeachiwa mashirika kama Caritas ya Wakatoliki na Diakonie ya Waprotestanti. Fedha zinatoka kwenye bima ya matunzo iliyoanza 1995 na kwenye mfuko wa mzee mwenyewe. Zikipungua, ofisi ya ustawi wa jamii inajazia. Wauguzi wanalipwa vizuri tu. Shida ni kwamba hawatoshi.

Zamani vijana wa kiume walikuwa wanaingia jeshini kwa lazima, na aliyekataa bunduki kwa dhamiri alipelekwa hospitali au nyumba za wazee. Utaratibu huo ulidumu miaka 50. Julai 2011 jeshi la lazima likasimamishwa, mikono ile ikapotea, na mwezi huo huo serikali ikaanzisha Bundesfreiwilligendienst, utumishi wa hiari. Mwambie baba ni kama JKT isiyo na kwata.

Kazi yangu kubwa ilikuwa chakula cha jioni. Saa kumi na moja na nusu namkatia mkate bibi wa miaka 91: vipande vyembamba kama kidole, ganda nimeondoa, siagi imefika pembeni kabisa, la sivyo sahani inarudi. Muuguzi angeipata wapi nafasi hiyo, na kengele zinalia vyumba vitatu kwa mpigo? Mimi nilikuwa nayo. Bibi akishiba nilimsukuma hadi dirishani akahesabu magari mekundu.

Sasa ubaya wake. Jumapili moja wauguzi wawili waliugua, nikaachiwa ukumbi mzima peke yangu. Ilikuwa wiki yangu ya sita, Kijerumani changu cha kuombea maji tu. Hairuhusiwi: wa kujitolea ni msaidizi, haajiriwi kimyakimya kuziba pengo la mfanyakazi. Nilimpigia mratibu wangu, haikurudiwa tena, ingawa msimamizi alininunia hadi Krismasi. Kwa hiyo binti asiondoke bila namba ya mratibu, mtu ambaye si wa nyumba ile.

Mkataba usomeni wote watatu mezani. Muangalie saa za kazi, chumba, chakula, bima, na semina: kwa walio chini ya miaka 27 ni siku 25 kwa mwaka, na ni haki yake, asikubali kuzifuta ili akafanye zamu. Pesa ya mfukoni kwa mwaka 2025 haikuruhusiwa kuzidi euro 644 kwa mwezi. Hicho kilikuwa kikomo, wengi wanapewa pungufu. Kama kuna mtu hapo nyumbani ameshaanza kupigia hesabu mabati ya nyumba, mzuieni mapema.

Na ndiyo, ataosha watu. Baba asifichwe, wala binti. Mimi mwezi wa kwanza chakula kilikuwa hakipiti.

Kijerumani aanze leo, na aanze na viungo vya mwili na vyakula. Bibi mwenye njaa hakusubiri ufungue kamusi.