Mtoto mlegevu, manjano yasiyoisha

SWALI: Mtoto wetu ana wiki 5. Tangu azaliwe ni mlegevu, hana nguvu ya kunyonya, na manjano hayajaisha. Juzi alishikwa na degedege. Daktari ametaja ugonjwa wa Zellweger. Je, ni kitu nilichokula nikiwa mjamzito? Unathibitishwaje? Na tukizaa tena?

JIBU: Pole sana, mama. Chakula hakihusiki kabisa: Zellweger ni ugonjwa wa kurithi. Ndani ya seli mna vifuko vidogo mno viitwavyo peroksisomu. Hukatakata mafuta yenye minyororo mirefu sana na kumalizia kutengeneza asidi za nyongo. Hujengwa kwa maelekezo ya jeni za kundi la PEX, na PEX1 ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi. Visipojengeka, mafuta hurundikana, ubongo huumbika vibaya tangu tumboni, na nyongo ambayo haijakamilika huliumiza ini.

Utosi mpana, paji refu la uso na vidoti vya chokaa kwenye eksirei ya goti humfanya daktari ashuku, lakini kinachothibitisha ni damu: asidi ya mafuta ya kaboni 26, mojawapo ya mafuta hayo marefu, huwa juu. Sampuli itolewe kabla tu ya kunyonyesha, na chembe zake zisipasuke, maana damu iliyoharibika huweza kutoa jibu la uongo. Kisha hupimwa jeni.

Hata hivyo, jina la Zellweger lisifunge mjadala wa manjano. Yakizidi siku 14, lazima bilirubini, yaani rangi inayoleta manjano, ipimwe kwa mafungu yake mawili: iliyochakatwa na ini na isiyochakatwa. Angalieni nepi: kinyesi cheupe kama chokaa na mkojo wa rangi ya chai huenda vikaashiria mirija ya nyongo iliyoziba, na upasuaji wake hufaa zaidi kabla ya siku 60. Mwanao ana kama 35. Ulizeni leo.

Tiba ya kuponya haipo, na kwa aina kali watoto wengi hawafikishi mwaka. Yapo ya kufanya, ingawa. Vitamini K kwanza, kwa sababu ini likiwa bovu, mafuta na vitamini zinazoyeyuka ndani yake hayafyonzwi vizuri, na damu hukosa kuganda. Halafu A, D na E. Asidi ya koli, ambayo ni aina ya asidi ya nyongo, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku, husaidia ini kwa baadhi ya watoto lakini haigusi ubongo, na ini likiwa limechoka sana yaweza kulidhuru. Vipimo vya ini viwe vya mara kwa mara.

Kunyonya ndiko kunakowasumbua wengi nyumbani. Akitumia zaidi ya nusu saa, akikohoa au maziwa yakitoka puani, msimlazimishe: maziwa huingia mapafuni. Ombeni mpira wa kulishia, unaopitishwa puani hadi tumboni. Kabla ya kila mlo vuteni majimaji kidogo kutoka kwenye mpira huo kwa bomba la sindano na kuyagusisha karatasi ya kupima asidi, isome 5.5 au chini. Ikizidi, msimtilie maziwa, pigeni simu kwa muuguzi.

Kuhusu kuzaa tena: kila mmoja wenu amebeba nakala moja mbovu ya jeni bila kuugua, hivyo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuugua. Kuugua kwa huyu hakupunguzi nafasi ya ajaye. Jibu la jeni la mtoto huyu liandikwe na kutunzwa, kwa kuwa kipimo cha kondo la nyuma, wiki ya 10 hadi 13 ya mimba, hutafuta hitilafu ileile.