Kabla hujakipa jina, uliza kilizaliwa wapi

Mwaka wa kwanza nilipoanza kuwakusanya wanafunzi kwenye mchanga wa Shela, hapa Lamu, kutazama vimondo, niliwakaririsha majina. Asteroidi ni mwamba, nyotamkia ni barafu, kimondo ni kijiwe kinachowaka kikiingia kwenye hewa ya dunia. Wakashika vizuri. Usiku mmoja wa Desemba binti wa kidato cha pili akaniuliza, "Mwalimu, hivi vinatoka wapi?" Nikamjibu, "Kwenye nyotamkia," maana ndivyo nilivyokaririshwa na mimi. Nilikuwa nimempoteza. Vimondo vya tarehe 13 na 14 Desemba, vile vinavyochomoza upande wa kundi la nyota la Mapacha, mama yao ni Phaethon, iliyogunduliwa mwaka 1983 nayo huhesabiwa asteroidi. Ni jiwe la kilomita 5 na ushei, linalizunguka Jua kwa siku 524 na kulisogelea kuliko Utaridi.

Basi wewe unayeanza, majina yaache kwanza. Kila kitu kidogo cha angani kiulize maswali mawili: kinakaa wapi sasa, na kilizaliwa wapi? Wengi huyafanya swali moja, na hapo ndipo wanapopotea.

Sisi wa Lamu hili halitupi tabu. Nyumba za kale za Arabuni zina dari za boriti zilizokatwa kwenye mikoko yetu, zikapakiwa jahazini na kuondoka na kusi. Anayeikuta boriti ile katikati ya jangwa hawezi kusema iliota pale.

Ndivyo lilivyo wingu la Oort. Mwaka 1950 mwanaastronomia Mholanzi Jan Oort alieleza kuwa nyotamkia za safari ndefu, zile zinazochukua miaka mingi mno kurudi, hutoka kwenye kundi kubwa mno la vipande vya barafu lililotuzunguka pande zote, mbali maelfu ya mara kuliko Jua lilivyo mbali nasi. Lakini barafu ile haikuumbika kule; kule hapakuwa na vitu vya kutosha kujenga chochote. Iliumbika karibu na sayari kubwa, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita, kisha mvutano wa Mshtarii na wenzake ukaitupa nje. Nyota ikipita jirani huitikisa kidogo, na kipande kimoja kikaanza safari ya kurudi.

Nyotamkia za safari fupi nyingi hutoka ng'ambo ya Neptuni, kwenye ukanda wa vipande vya barafu uitwao Kuiper na viunga vyake. Usiichukue hiyo kama sheria kavu. Halley hurudi kila miaka 76 hivi (ilionekana 1986, itarudi 2061), ila huzunguka kinyume na sayari, na kwa kuwa wingu la Oort limetuzunguka pande zote, wataalamu wengi huihesabu kuwa mtoto wa wingu hilo. Kinyume hicho utakiona kwa macho yako. Vumbi lake lililobaki njiani hutukuta kama vimondo Oktoba, karibu na tarehe 21, likija uso kwa uso nasi kwa kilomita 66 kwa sekunde: mkwaruzo mmoja wa kiberiti, kwisha. Vya Desemba huja kwa kilomita 35. Mapema usiku, Mapacha wakiwa bado chini upande wa Manda, kimoja huweza kuteleza taratibu mpaka ukapata nafasi ya kumgusa mwenzako naye akakiona.

Ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii, si sayari iliyopasuka. Mvutano wa Mshtarii haukuyaacha mawe yale yaungane, na yote pamoja hayafiki hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wa Mwezi.

Huko ndiko yanakotoka mawe mengi yanayotuangukia, likiwemo lililoanguka Thika Julai 2011. Nayo yamenifunza adabu. Mvuvi mmoja wa Pate aliniletea jiwe jeusi, zito, linashika sumaku. Nikamwambia ni kimondo. Akalihifadhi sandukuni miezi miwili akitumaini kuliuza. Nilipoliangalia tena kwa kioo cha kukuzia, palipovunjika palikuwa na vitundu vingi kama mkate wa mofa. Mawe ya angani hayana vitundu vile. Yalikuwa mavi ya chuma, mabaki ya wahunzi wa zamani. Nilikwenda mwenyewe kumwambia, "Ami, nilikosea," na haikuwa safari nyepesi. Sumaku peke yake haitoshi. Tazama kwanza palipovunjika.

Ukija Desemba, lete mkeka na daftari, na simu izime nusu saa kabla. Kila kimondo kivutie mstari kwa kidole, kurudi nyuma kilikotoka. Ukifika Mapacha, andika. Usipofika, kiandike pembeni peke yake pamoja na saa na upande: hicho si cha ukoo wa Phaethon, na asubuhi tutakaa tutafute cha nani.