Mtoto wa miaka mitatu na nusu aangukaanguka, nimpeleke hospitali?

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Nina kijana wangu wa miaka mitatu na nusu, twaishi ghorofani huku Langoni, Lamu. Alianza kutembea akiwa na mwaka na miezi miwili, vizuri tu, lakini sa hivi akikimbia kidogo yuko chini, ngazi apanda kwa kuweka miguu yote miwili kila daraja, na penseli aishika kwa ngumi mpaka mwalimu wa chekechea kaniuliza kama ana tatizo. Nje simwachi manake punda na bodaboda, basi nampa simu aangalie katuni. Mamamkwe asema niache, atakua tu. Nifanyeje?
Mama Kijana

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Penseli isikutie wasiwasi, watoto wengi huanza kuishika kwa vidole wakikaribia miaka minne. Na ngazi pia, madaraja ya nyumba zetu za mawe ni marefu hata mtu mzima hushika ukuta, sembuse yeye, mjaribu kwanza kwenye daraja fupi uone.

Kutembea alianza kwa wakati wake, kwa hivyo kwa ulivyonieleza mimi naona mwili wake umekosa mazoezi tu. Na hapo mamamkwe simuungi mkono, kwa heshima zote, kwa sababu kukimbia, kuruka na kudaka mpira haviji vyenyewe kama meno, mtoto huvijua kwa kurudia na kurudia, na kuanguka kumo humo humo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka 3 na 4 apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuhema, na skrini isizidi saa 1. Usishtuke, hizo 180 si za mpigo mmoja, zahesabiwa kutoka asubuhi mpaka alale, hata kwenda dukani kwa miguu yake badala ya kubebwa imo.

Punda na bodaboda wakutisha kweli, sikulaumu, lakini siku ya mapumziko mpeleke ufuo wa Shela maji ya bahari yakipwa. Mvue viatu, mchanga mlaini hulazimisha vidole na vifundo vya miguu kufanya kazi. Chora mstari mrefu kwa kijiti pale palipo majimaji atembee juu yake, kisha chora visanduku aruke kimoja hadi kingine kwa miguu miwili pamoja, alafu mrushie mpira mkubwa. Nyumbani mpe donge la unga wa chapati akande, na kanzu ya Ijumaa afungue vifungo mwenyewe hata akichukua robo saa, usimsaidie.

Ila leo leo mkalishe sakafuni umwambie ainuke, umtazame. Akiinuka kwa kusukuma mapaja yake kwa mikono, mpeleke kwa daktari. Vilevile kama atembea kwa ncha za vidole kila wakati, au upande mmoja wa mwili ni dhaifu, au kuna kitu alikijua na sasa hakiwezi, au kuanguka kwazidi badala ya kupungua. Hapo usingoje akue, na mamamkwe mwende naye asikie mwenyewe.