Ndege wadogo mbele ya lenzi: maswali na majibu

Wageni wengi huja Uganda kumtafuta korongo nyangumi wa kinamasi cha Mabamba, ndege mkubwa anayeweza kusimama kimya muda mrefu akimvizia samaki aitwaye kamongo. Ndege wa gramu kumi hana subira hiyo, na barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinamhusu yeye.

Mwalimu, shikamoo. Nina lenzi ya milimita 70 hadi 300. Chozi, wale ndege wadogo wafyonza nekta, wanakuja kwenye maua ya mama hapa nyumbani, lakini kila picha inatoka na ukungu. Nitafute lenzi nyingine? (Msomaji, Jinja)

Marahaba. Lenzi yako usiiuze bado. Chukua picha moja iliyoharibika, ikuze kwenye skrini, halafu mwache ndege kwanza, uangalie ua alilotua. Kama ua na majani vimevutika kuelekea upande mmoja, mkono wako ndio uliotikisika. Kama ua limetoka safi hata vinyweleo vya kikonyo vinahesabika, ila kichwa cha ndege kimefutika, ndege alikuwa mwepesi kuliko shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga. Na kama kilichotoka safi ni tawi la nyuma, kamera ililenga pasipostahili. Watu hubadilisha vifaa mwaka hadi mwaka bila kujua ni lipi kati ya hayo matatu linalowasumbua.

Kwa chozi anayefyonza nekta, anza na kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde. Akitulia kidogo unaweza kushuka hadi 1/500, na akiwa hewani panda 1/2500 au zaidi. Weka kamera kwenye M (hali ya kupanga mwenyewe), chagua kasi na upenyo, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, wewe mwenyewe; ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange. Najua wengi wanaogopa ISO 3200 kwa sababu ya chengachenga, vile vipunje vinavyotokea kwenye picha. Chengachenga hupunguzwa baadaye kwa programu, lakini jicho la ndege lililofutika ndiyo basi tena.

Kuhusu kulenga, tumia nukta moja ndogo, iwe juu ya jicho, na kamera iwe kwenye hali ya kufuatilia kinachosogea. Ikiwa kamera yako inatambua macho ya wanyama, washa. Ndege akiwa mita tatu kutoka kwenye lenzi yako ya milimita 300, kwa upenyo wa f/5.6, sehemu itakayotoka kali ni kama sentimita tatu tu. Kamera ikishika ncha ya bawa, jicho limekwenda. Funga upenyo hadi f/8 (namba ikikua, tundu linapungua) upate nafasi kidogo ya kukosea.

Chozi ninayemwona kwa macho hapa Entebbe anametameta kijani na zambarau. Kwenye picha ni mweusi tititi. Kamera yangu ina kasoro? (Mama wa watoto watatu, Entebbe)

Hapana, mama. Rangi ile ya kumetameta inategemea pembe ya mwanga. Ndani ya vijinyoya vyake mna visahani vidogo mno vya melanini vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Mwanga ukigonga tabaka hizo kwa pembe fulani hurudi ukiwa kijani, buluu au zambarau. Nje ya pembe hiyo, tunachokiona ni weusi. Kwa hiyo jua liwe mgongoni mwako, na ndege awe anakutazama. Kisha mwangalie shingo: anapogeuza kichwa kutoka ua moja kwenda jingine, koo huwaka ghafla na kuzimika. Hapo ndipo pa kupiga mfululizo mfupi, fremu tano au sita. Usibane tu kitufe tangu mwanzo mpaka mwisho, kwani kamera itajaa na kukwama wakati uleule koo linapowaka.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Tuko kwenye ikweta, na jua hupanda karibu wima. Kufikia saa nne asubuhi liko juu mno, linaangaza mgongo wa ndege na kuacha kifua gizani. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ni zako, kisha kuanzia saa kumi na nusu jioni. Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, ni mahali pazuri pa kujaribia, kwa sababu miti yenye maua na ukingo wa ziwa viko karibukaribu. Na usijaribu kuuokoa weusi huo kwa kuongeza mwanga kwenye kompyuta. Utapata rangi ya majivu tu.

Ndege akikaa juu ya mti, mbingu nyeupe nyuma yake, anatoka kivuli. Nifanyeje? (Masaka)

Ongeza mwanga kwa hatua moja na nusu hadi mbili kwenye kitufe cha kurekebisha, mbingu uiache iungue. Lakini dawa nzuri zaidi ni kupanda. Masaka mna vilima. Simama mahali ambapo vilele vya miti viko usawa wa macho yako, nyuma ya ndege pawe na kijani cha mbali badala ya anga.

Kwenye mtumbwi wa Mabamba nibebe stendi ya miguu mitatu? (Kampala)

Iache nyumbani. Mtumbwi ukiyumba, stendi inayumba nao. Kaa chini, viwiko juu ya magoti, washa kizuia mtikisiko cha lenzi, kasi isishuke chini ya 1/1000. Mwombe mwendesha mtumbwi aache kupiga kasia mita chache kabla, chombo kitateleza chenyewe.

Ndugu mwandishi, kiongozi wetu msituni alitaka kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili atokeze. Wenzangu walikubali, mimi moyo ulisita. (Fort Portal)

Moyo wako ulisita kwa haki. Ndege anayekuja kwenye sauti ile anaamini dume mwingine ameingia eneo lake. Anaacha kula, anaacha kulinda jike, pengine anaacha mayai, anakuja kupigana na simu. Kundi moja likifanya hivyo mara moja huenda asidhurike sana, lakini njia za msituni ni zilezile na ndege ni yuleyule, kesho linakuja kundi jingine na simu nyingine. Ndege aitwaye pita kifua-kijani, wa msitu wa Kibale, hutafutwa kabla ya mapambazuko kwa kusikiliza sauti yake mwenyewe, anaporukaruka juu ya tawi kujionyesha. Watu wanampata hivyo, na picha ni nzuri.

Viongozi nao tusiwalaumu peke yao. Wanacheza sauti kwa sababu sisi wateja tunanuna tusipoona ndege. Mwambie kiongozi wako mapema, kabla hamjaingia msituni, kwamba hutaki sauti, na asante yake mpe hata ndege asipotokeza. Viota ni vivyo hivyo: usikate jani hata moja ili uone vizuri, maana jani hilo ndilo linalowakinga makinda na jua na mwewe. Ukimwona mzazi amesimama na mdudu mdomoni, haendi kiotani, wewe ndiye unayemzuia. Rudi nyuma mpaka aende.

Mdiria ananikimbia kila nikifika mita kumi. Nimkaribieje? (Kasese)

Acha kumfuata, kaka, mtangulie. Mdiria ana tawi lake, na keremkerem vilevile. Utalijua kwa madoa meupe ya kinyesi juu yake na chini yake. Akiondoka, wewe sogea, keti mahali ambapo jua liko nyuma yako, lenzi iwe usawa wa tawi, usiinue mkono tena. Mara nyingi hurudi. Akirudi na samaki humpigiza tawini kushoto na kulia, kisha humgeuza taratibu mpaka kichwa kitangulie, ndipo ammeze. Katika muda huo wote hana haja na wewe, nawe unaweza kushuka hadi 1/500 alipotulia na kupanda tena anapompigiza.

Ndani ya hifadhi za Queen Elizabeth au Lake Mburo usitoke garini. Gari ni maficho mazuri kuliko kibanda chochote, mradi uzime injini, kwani mtetemo wake unaharibu picha. Weka mfuko mdogo wa maharagwe dirishani uegemeze lenzi. Nje ya hifadhi, kabla hujaketi ukingoni mwa maji yoyote, waulize wavuvi viboko wanapandia wapi na mamba wanaota jua wapi, na hapo usikae, hata kama tawi la mdiria liko palepale.