Dawa ya deni ni kulipa, ila si kila deni ni lako

Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitalini nilikuta vyerehani saba sebuleni. Vipya, vyote ndani ya maboksi yake. Mdogo wangu alikuwa amevipanga ukutani na kuvifunika shuka ili nisivione mapema, lakini vyerehani saba utavifichaje? Nilivinunua mwenyewe ndani ya siku mbili, kwa akiba ya miaka minne na mkopo juu yake. Mimi sijui hata kukata pindo la kanga.

Wakati navinunua, mpango ulikuwa wazi kabisa kichwani. Nafungua kiwanda cha nguo, naajiri wanawake mia mbili, kabla mwaka haujaisha nauza nje ya nchi. Sikuwa nimelala siku tano na wala sikusikia uchovu. Barua ya kuacha kazi niliituma saa tisa usiku, na ndani yake nikamweleza bosi wangu kasoro zake zote kwa namba, moja hadi kumi na nne. Kwa taarifa yako, mimi ni mhasibu. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wengine risiti iko wapi.

Ugonjwa wenyewe unaitwa bipola. Una vipindi vya kupanda, ambavyo madaktari huviita mania, na vipindi vya kushuka, yaani sonona, na katikati yake kuna siku za kawaida ambazo watu husahau kuzitaja. Mania kamili hudumu wiki nzima au zaidi. Kuna aina yake nyepesi ambayo siku nne zinatosha kuitambua, na hiyo ndiyo iliyonizungusha miaka sita bila kujulikana, kwa sababu hakuna mtu anayekwenda hospitali kulalamika kwamba ana furaha na anafanya kazi za watu watatu. Mimi nilikwenda nikiwa nimeshuka tu. Nikapewa dawa za sonona peke yake, na baada ya wiki kadhaa nikapaa. Dawa hizo zikitumiwa peke yake zinaweza kumrusha juu mtu mwenye bipola. Daktari hakuniuliza kuhusu kupanda, nami sikumwambia, kwa hiyo lawama tugawane. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: unapokwenda kwa daktari, nenda na mtu aliyewahi kukuona ukiwa juu. Atasema mambo ambayo wewe unayakumbuka kama mafanikio.

Sasa tuje kwenye aibu, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Niliporudi nyumbani nilianza kuomba msamaha. Nilimwomba kila mtu, kila siku, kwa kila kitu. Nikidondosha kijiko, samahani. Nikichelewa kuamka, nisamehe. Nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyorudisha heshima, kwa kujishusha mpaka wengine wamwonee huruma. Jioni moja mdogo wangu aliweka simu chini akanitazama.

"Dada, leo umeniomba msamaha mara sita. Sasa nikwambie ninachokudai. Uligawa baiskeli yangu kwa mtu uliyekutana naye njiani. Nilipe baiskeli. Mengine sikudai."

Nilikasirika, nikalia, halafu nikalala usingizi mzuri kuliko siku zote za mwezi ule. Kumbe deni langu kwake lina ukubwa, lina mwanzo na mwisho.

Kesho yake nilichukua daftari la hesabu, la mistari, nikachora safu nne: nani, nini, kiasi gani, lini. Kurasa za mbele niliandika madeni ya pesa. Mkopo, baiskeli, kodi ya miezi miwili, jirani aliyenikopesha bila kuuliza. Kurasa za katikati, madeni ya maneno. Hapo ndipo mkono ulipokuwa mzito. Kuna mwenzangu wa ofisini niliyemtumia ujumbe nikimtukana kuhusu mtoto wake. Niliandika jina lake, kwenye safu ya "nini" nikanakili ujumbe wenyewe neno kwa neno, bila kuupunguza makali, kwa sababu nilijua nikiuandika kwa kifupi nitaanza kujihurumia.

Kurasa za mwisho niliziandika kichwa cha habari: SI DENI. Humo niliingiza kuugua. Kulazwa. Dawa ninazomeza. Miaka sita iliyopita bila jina la ugonjwa. Familia ya mtu aliyetaka kunioa ambao walisema ukoo wetu una wazimu. Shangazi anayeshusha sauti kila ninapoingia chumbani. Haya yote nilikuwa nayalipia kila siku kwa kuinamisha kichwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunionyesha hati ya madai.

Najua mtu atasema huku ni kujitetea. Hapana. Ujumbe ule niliuandika mimi kwa vidole vyangu, na aliyeumia aliumia kweli, ugonjwa au si ugonjwa. Ndiyo maana una mstari wake. Ninachokataa ni kuchanganya makosa na maradhi kwenye safu moja, maana ukivichanganya hesabu haifungi kamwe. Utalipa maisha yako yote na salio litabaki lile lile.

Kuomba msamaha nako kuna ufundi. Taja jambo lenyewe. Usitoe mhadhara wa bipola, usilie mbele ya mtu mpaka yeye ndiye awe na kazi ya kukubembeleza, na usimdai jibu. Kwa yule mwenzangu niliandika mistari mitatu: nilichosema, kwamba hakikuwa kweli, kwamba sitamsumbua tena. Hakujibu mpaka leo. Mstari wake bado uko wazi daftarini. Siufuti, wala siendi mlangoni kwake.

Na kuna sheria moja niliyojiwekea ambayo ningependa niwe niliijua mapema. Daftari silifungui nikiwa nimeshuka. Ukiwa kwenye sonona kila kitu ni deni. Nimewahi kuamka usiku kuandika kwamba mama ananidai radhi kwa mimi kuzaliwa njiti. Mstari wowote unaonijia siku hizo nauandika kwenye karatasi pembeni na nausubirisha wiki mbili. Mingi hufa yenyewe. Nikiwa nimepanda ni kinyume chake, sioni deni hata moja, dunia nzima inanidai mimi shukrani.

Kuna usiku hesabu hiyo ya sonona ilinipa jibu kwamba njia safi ya kufunga madeni yote ni mimi kutokuwepo. Ilikuja kwa utulivu, kama wazo la busara. Naliandika waziwazi kwa sababu huenda unalisoma hili ukiwa nalo. Ni dalili ya ugonjwa, kama homa ilivyo dalili ya malaria, na haisubiri asubuhi. Mwambie mtu usiku huo huo, akae nawe, mwende hospitali kitengo cha dharura. Mimi nilimwamsha mdogo wangu nikamwambia "usiniache peke yangu", maneno hayo tu. Yalitosha.

Vyerehani je? Viwili duka lilikubali kuvirudisha. Vinne niliwauzia mafundi kwa hasara ambayo sitaiandika hapa. Kimoja kimebaki, na usidhani kuna hadithi nzuri. Kimebaki kwa sababu pedali yake ni mbovu na hakuna aliyekitaka.

Kitu kilichonichukua muda mrefu kuliko pesa ni kumwaga machozi juu ya yule mwanamke wa vyerehani. Nilimpenda. Alikuwa haogopi mtu, anaongea vizuri, anavaa vizuri. Niliamini yeye ndiye mimi halisi na huyu anayemeza vidonge ni maji yaliyotiwa kwenye chai. Kwa hiyo baada ya miezi minane ya lithiamu, dawa niliyopewa ya bipola, mikono ikitetemeka kidogo na kiu isiyokwisha, nikaamua nimepona nikaacha kimya kimya. Wiki ya tatu nilikuwa juu tena. Kuacha lithiamu ghafla ni hatari hasa, ugonjwa hurudi kwa kasi, na kama dawa inakusumbua kuna mengi daktari anaweza kufanya: kupunguza dozi, kubadilisha saa ya kumeza, kubadilisha dawa yenyewe. Mimi sikumpa nafasi.

Siku hizi nakwenda kupima damu kila ninapopangiwa, kuona kiwango cha dawa, figo na tezi ya shingoni. Situmii ibuprofeni kwa maumivu bila kuuliza, kwa sababu inaweza kupandisha kiwango cha lithiamu mwilini, na nikiharisha au kutapika napiga simu mapema maana kupungukiwa maji hufanya hivyo hivyo. Kuna faraja ya ajabu niliyoipata nilipojua kwamba lithiamu ni chumvi tu inayotoka ardhini, na kwamba daktari mmoja wa Australia, John Cade, aliandika mwaka 1949 jinsi ilivyowatuliza wagonjwa wake. Yaani kabla mimi sijazaliwa kuna mtu alishakaa na watu kama mimi akawaona wanaweza kurudi. Na hatuko wachache: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 tulikuwa watu milioni 40.

Kuhusu usingizi nitarudia mpaka unichoke. Kwangu usingizi hutangulia kila kitu. Watu wanaokupenda watakuuliza unajisikiaje, na hilo ni swali baya, kwa sababu ukiwa unapanda jibu lake ni "sijawahi kujisikia vizuri hivi". Waambie wakuulize umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi. Namba haibembelezi. Usiku mbili mfululizo chini ya saa tano, mimi napiga simu kwa daktari hata kama najiona mzima, na ndiyo siku hasa ya kupiga.

Hilo liko kwenye karatasi niliyoiandika nikiwa salama na kuisaini. Imetaja dalili zangu (kuongea haraka, kuanzisha miradi, kuona wengine wote ni wazito), nani ashike kadi ya benki, nani apigiwe. Ununuzi mkubwa unahitaji sahihi mbili na usiku tatu za kulala, kama taratibu za ofisi yoyote yenye akili. Mdogo wangu akichukua kadi, hachukui kwa ubabe wake. Anatekeleza agizo langu mwenyewe. Utashangaa tofauti hiyo inavyomwacha mtu na heshima yake.

Kazi nilirudi kwa mlango wa nyuma. Rafiki aliniletea boksi la risiti za biashara yake ndogo, zimekunjamana, nyingine zimefutika wino. Saa mbili kwa siku, basi. Siku ya kumi na moja taarifa ya benki na daftari la fedha vilikubaliana hadi senti ya mwisho. Nilikaa nikaitazama ile namba. Hakuna aliyekuwa amenionea huruma kuipata.

Huwa naulizwa kama ni lazima kumwambia mwajiri. Kwa maoni yangu, omba unachohitaji kabla hujataja ugonjwa: zamu zisizo za usiku, ruhusa ya kliniki. Mtu mmoja unayemwamini ajue. Wengine watajua ukipenda.

Baiskeli niliilipa kwa awamu saba. Ile ya mwisho nilimpelekea mdogo wangu jumamosi asubuhi ndani ya bahasha, pamoja na daftari. Alihesabu pesa taratibu, noti kwa noti, hakunirudishia hata moja wala kusema "acha tu dada". Akachukua kalamu, akaandika "imelipwa" kwenye mstari wake, akaweka sahihi na tarehe.

"Jana umelala saa ngapi?" akauliza huku akifunga daftari.

"Saa nne."

"Umeamka?"

"Kumi na mbili kasoro."

Akanirudishia daftari langu, akaenda kuweka maji ya chai.