Kamera gani? Dirisha, mdogo wangu

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Morogoro: "Dada, shikamoo. Hizo hereni zako unapigia kamera gani? Nataka nianze kujichanga." Nimecheka mpaka mtoto akaamka. Simu ninayopigia ina ufa kutoka kona moja ya kioo hadi nyingine, na kitufe cha sauti kilishakufa zamani. Nikaazima simu ya mume wangu, nikaipiga picha hiyo yangu, nikamtumia. Kimya mpaka leo. Nadhani anaona namficha siri.

Siri yenyewe hii hapa, ila lazima nianzie pabaya.

Nilipoanza kuuza mtandaoni, mchana nilikuwa kazini kwa mtu. Shanga nilitunga usiku, na picha nikapiga usiku huohuo, saa nne, saa tano, juu ya meza ya chakula yenye kitambaa cha maua, taa ya dari kichwani na flashi juu yake. Picha zikitoka zimefubaa, nazitia filta mpaka ziwake. Nilijiona fundi kweli.

Akaja mteja wa Dodoma. Sendofu ya mdogo wake, akina mama 14 kwenye kamati, sare yao nyekundu, ile nyekundu ya nyanya. Akaona kwenye ukurasa wangu seti ya kidani na hereni inayowaka kama kaa la moto, akasema nataka hiyohiyo. Nikatunga seti 14 kwa siku tisa, vidole vikaota sugu, nikapakia kwenye basi. Alipofungua boksi akakuta rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea giza. Na kweli shanga zile zilikuwa damu ya mzee tangu nazinunua Kariakoo. Taa yangu na filta yangu ndizo zilizozigeuza. Kibaya zaidi, kwa kuziangalia kila siku kwenye simu, hata mimi nilishaanza kuziita nyekundu!

Aliniandikia neno moja: "Tapeli." Akaliweka na kwenye kundi la kamati, na kati ya wale akina mama wawili walikuwa wateja wangu. Hela nilirudisha yote, na usafiri wa mzigo kurudi Dar nikalipa mimi. Nimeshasamehe. Lakini dada, kama unasoma hapa, ungenipigia kwanza.

Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa ya kulipa madeni.

Dawa niliipata siku umeme ulipokatika. Jumapili asubuhi, nina oda mkononi, nikasogeza kiti dirishani ili nione tundu za shanga. Nikashangaa. Kila punje ilikuwa na rangi yake, bluu ni bluu, na ule mng'ao mdogo wa kioo unaonekana upande mmoja. Nikapiga picha moja ya hereni, bila kutia chochote. Hereni ile iliuzwa kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo ni dirisha. Si jua kali lenyewe, maana jua likipiga moja kwa moja shanga hupata madoa meupe na vivuli vyeusi. Chagua dirisha lenye kivuli, au shusha pazia jepesi jeupe. Zima taa za ndani, la sivyo upande mmoja utakuwa wa njano. Upande wenye giza simamisha karatasi nyeupe ya manila, irudishe mwanga. Futa lenzi kwa upindo wa khanga, sote tunashika simu na mikono ya mafuta. Gusa shanga kwenye kioo, shikilia kidole mpaka simu itulie hapo. Ukipiga juu ya karatasi nyeupe simu hupenda kutia giza, ongeza mwanga kidogo. Na simu usiisogeze karibu mno: ikiwa ukungu, rudi nyuma, picha utaikata baadaye.

Shaba ina vituko vyake. Niliwahi kupandisha bangili ya shaba niliyoisugua mpaka ikawa kioo, wateja wakaanza kuweka vicheko. Nikaikuza picha: ndani ya bangili nipo mimi, nywele timtim, khanga kifuani, simu mkononi. Siku hizi nakata tundu katikati ya manila, lenzi inachungulia hapo, nami najificha nyuma. Bangili inaona weupe mtupu.

Ukubwa nao uonyeshe. Kipini cha punje moja ukikipiga kwa karibu kinafanana na kitasa cha mlango. Weka sarafu ya shilingi 200 kando, au kivalishe mtu. Sikio la mdogo wangu limeuza hereni nyingi kuliko maneno yangu yote.

Na nyinyi mnaotia filta huku mnajua, acheni. Mteja wa mtandaoni hashiki, hapimi, anatoa hela kwa kuamini picha. Mkimdanganya nyinyi, kesho mimi ndiye ninayeambiwa "tuma kwanza nione ndipo nilipe". Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuitwa lile jina, na silitamani tena. Piga dirishani. Ikitoka mbaya dirishani, basi kazi ndiyo mbaya, fumua utunge upya.

Zile seti za Dodoma nimeziuza pole pole, zimebaki mbili. Nimezipiga upya leo saa tatu asubuhi. Ni damu ya mzee, na nimeandika hivyo kwa herufi kubwa.