Maswali ya Wasomaji: Kifaa Kinahesabu, Fedha Sizioni

SWALI: Ndugu Mhariri, nilizoea kununua kahawa ya maziwa jirani na ofisi kwa shilingi 4,000 kila siku ya kazi. Sasa naipika nyumbani, hata Jumamosi na Jumapili, na nimejitengenezea kifaa cha akiba: kisanduku cha mbao kinachotumia betri, chenye swichi chini ya kopo la kahawa. Kopo likiinuliwa, kioo huongeza 4,000. Vipuri vilinigharimu 36,000. Mwezi ulipokwisha kioo kilionyesha 112,000, lakini mfukoni sikuwa na kitu. Nimekosea wapi?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kazi ya mikono yako inastahili pongezi, ila kifaa hicho kinahesabu kopo linavyoinuliwa, wala hakijui kama kuna shilingi iliyowekwa kando. Fedha usizozipeleka dukani zilibaki mfukoni, na huko zikaishia kwenye nauli, vocha na mboga.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kikombe kimoja huhitaji takribani gramu 10 za kahawa ya unga, yaani vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa, hivyo pakiti ya gramu 250 hutoa vikombe 25. Ukiinunua kwa 10,000, kahawa pekee ni 400 kwa kikombe. Tukikadiria maziwa, sukari na gesi kuwa 600, kikombe cha nyumbani kinakugharimu 1,000, na unachookoa ni 3,000, si 4,000. Tena kioo chako kilihesabu vikombe 28, ambavyo kwa mwezi wenye siku 20 za kazi vina maana kwamba 8 ni vya mwisho wa juma, siku ambazo hukuwa ukinunua kahawa kabisa. Hivyo havikuokoa chochote, vimekula 8,000. Akiba halisi ni 60,000 za vikombe 20 vya siku za kazi, ukiondoa hizo 8,000, yaani 52,000, na vikombe 12 vya kwanza vya siku za kazi vilikuwa vinarudisha tu gharama ya vipuri.

Usikitupe kifaa. Kigeuze kiwe kibubu: toboa tundu juu ya kisanduku, mahali hasa kopo linapokaa, ili ukiliinua kuchota kahawa tundu likutazame kabla maji hayajachemka. Ihamishe swichi kutoka chini ya kopo uifunge kwenye kijibati chepesi ndani ya tundu, kinachosukumwa na noti inapoingia, kisha urekebishe kioo kiongeze 3,000 kwa kila msukumo. Noti ya 2,000 na ya 1,000 zikunjwe pamoja na kuingizwa mara moja, ili zisihesabiwe mara mbili. Hapo kioo na kisanduku vitapaswa kusema jambo moja mwisho wa mwezi, na vikitofautiana utajua kijibati kimelegea.

Kiweke mbali na mvuke wa jiko, kwa kuwa unyevu huharibu nyaya. Mfuniko uufunge kwa skrubu badala ya bawaba, na bisibisi umkabidhi mwenzako wa nyumbani.